Tenda za kambi za jeshi Tanga: kwa nini tunawaachia watu wa Dar?

Mchuuzi wa Ngamiani (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu, mwenye haraka auhifadhi ausome usiku.

Mimi nipo Tanga mjini, nauza nafaka na mboga kwa jumla, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikisapulai taasisi zenye midomo mingi: shule za bweni, vyuo, kambi. Jambo linaloniuma ni moja. Kabichi inatoka Lushoto, inashuka Mombo, inapita Korogwe na Segera, inapita Kabuku mlangoni kabisa pa kambi ya Mgambo, inakwenda kulala sokoni Dar, halafu mzabuni wa Dar anaipakia kwenye fuso na kuirudisha Kabuku ileile. Kila mtu njiani amekula chake, na kabichi yenyewe imeshanyauka. Sisi wa mkoa huohuo tunaangalia tu.

Ukiuliza mtu wa Tanga kwa nini haombi, jibu ni lilelile: "Jeshi ni la wakubwa, siri nyingi, utaingiaje?" Nasema kwa moyo wote, si kweli.

Mkoa wetu una kambi mbili za Jeshi la Kujenga Taifa (JKT): Mgambo JKT pale Kabuku, Handeni, na Maramba JKT kule Mkinga. Ongeza chuo cha Uhamiaji cha Boma Kichakamiba, hukohuko Mkinga, na Gereza la Maweni hapa mjini. Najua Uhamiaji na Magereza si jeshi, ila kwa mfanyabiashara mdogo jiko ni jiko. Kote huko kuna watu wanaokula kila siku, kuna mabomba yanayovuja, magari yanayohitaji matairi, ofisi zinazotaka karatasi na wino, vyoo vinavyozibuliwa. Hakuna siri ya taifa kwenye gunia la maharage.

Na sheria yenyewe imelitazama hilo. Vyombo vya ulinzi na usalama vinagawa manunuzi yake kwenye orodha mbili. Ya kwanza ni ya vitu nyeti, silaha na mengineyo, hiyo tuwaachie wenyewe. Ya pili ni ya wazi, na huko ndiko kuna vyakula, samani, usafi, matengenezo. Hiyo ya wazi inafuata taratibu zilezile za manunuzi ya umma tunazozijua.

Halafu kuna hili ambalo wengi hatulitumii: Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 inazitaka taasisi za umma zitenge asilimia 30 ya manunuzi yao ya mwaka kwa makundi maalumu, yaani vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Asilimia 30! Kampuni kubwa ya Dar haiwezi kugusa fungu hilo hata iwe na mafuso 40. Lakini kikundi cha akina mama wa Muheza kikikaa kimya, fungu linabaki halina mwenyewe.

Milango yote sasa ni NeST, mfumo wa manunuzi wa serikali ulioanza 2023 ukachukua nafasi ya ule wa zamani wa TANePS. Zabuni zilizotangazwa unaziona hata kama hujajisajili. Zile enzi za kusubiri tangazo libandikwe ubaoni na mtu alibandue jioni zimepita.

Karibuni tujadili. Nitajibu kila nitakachoweza.

---

Kisiki cha Mpingo

Mkuu umeandika vizuri lakini ukweli usemwe. Bila mtu ndani hupati. Mimi nawajua watu wameomba wee mpaka wamechoka.

---

Mchuuzi wa Ngamiani

Kisiki, sikatai kwamba kuna sehemu watu wanabebana. Ila nenda kawaulize hao waliochoka waliangukia wapi. Wengi huangukia kwenye karatasi. Leseni inasema "duka la rejareja" na yeye anaomba kusambaza vyakula. Jina la BRELA, kule kwenye usajili wa biashara, haliendani na la TIN. Hati ya ulipaji kodi imeisha muda wiki iliyopita. Mfumo hauna huruma, unakutupa nje kabla mtu yeyote hajaiona bei yako.

Na ukitolewa kwa hila, kuna njia ya kulalamika: unaanza kwa mkuu wa taasisi yenyewe, usiporidhika unakwenda PPAA, Mamlaka ya Rufani za Zabuni za Umma. Wadogo hatulalamiki kwa sababu tunaogopa kuchukiwa. Tusiogope, ni haki iliyoandikwa.

---

Mbondei Halisi

Mwe! Hiyo ya leseni imewatoa watu wengi sana. Siku hizi leseni za halmashauri zinaombwa kwa TAUSI, mfumo wao wa mtandaoni, unachagua mwenyewe aina ya biashara. Watu wanachagua ya bei rahisi, kumbe wanajifungia mlango wa tenda.

---

Kijana wa Kabuku

Mimi nimezaliwa jirani na kambi. Mleta uzi umesahau kitu, JKT wanalima wenyewe. Mahindi wanayo, ng'ombe wanao. Kulima na kufuga ndiyo kazi ya JKT tangu ilipoanzishwa 1963, na SUMAJKT, shirika lao la uzalishaji mali, ipo tangu 1981 kwa ajili ya uzalishaji huohuo. Mtu akienda kichwakichwa na mahindi atarudi nayo.

---

Mchuuzi wa Ngamiani

Kijana wa Kabuku, umesema jambo la maana sana na nakushukuru. Ndiyo maana nasisitiza: usiuze kile ambacho kambi inazalisha, uza kile kinachowahi kuharibika na kile ambacho shamba lao halitoi. Mboga za majani za kila siku, nyanya, vitunguu, karoti za Lushoto, machungwa ya Muheza msimu wake, samaki, viungo. Vitu hivi mtu wa Dar anavileta kwa shida, wewe unavileta asubuhi vikiwa na umande.

Na kambi inayolima ni mteja pia. Inahitaji mbegu, dawa za mifugo, vifaranga, vipuri vya trekta, magunia, mtu wa kuchomelea trela la trekta. Fundi wa kuchomelea wa Handeni mwenye kikundi chake cha vijana anaweza kuwa mzabuni wa huduma, wala hahitaji fuso.

Niwape picha ya pale stoo mjue mnaingia kwenye nini. Unafika asubuhi, geti wanakagua gari, unaacha kitambulisho. Mpokeaji anakuja na mizani na LPO, ile hati ya kuagizia mzigo, mkononi. Hapokei "gunia", anapokea kilo. Wewe umenunua viazi kwa lumbesa, gunia lililojazwa kupita kiasi, kutoka kwa mkulima, pale vinamwagwa vinapimwa, na vilivyochubuka vinawekwa pembeni. Kabichi wanaitoa majani ya juu kwanza ndipo ipande mizani. Umenunua kilo 1,000, zinaandikwa 880, na ni haki yao. Hiyo tofauti ya kilo 120 uwe umeshaihesabu siku unayojaza bei kwenye mfumo. Ukiihesabu siku ya kupeleka mzigo, faida imekwisha.

Na bei ukishaiweka umeiweka. Mikataba mingi ya vyakula ni ya mwaka, unaitwa mzigo kidogokidogo kadiri wanavyohitaji. Maharage ya wakati wa mavuno na maharage ya Machi si bei moja. Mimi huangalia bei ya mwezi mbaya kuliko yote, halafu naanzia hapo. Anayejaza bei ya mwezi mzuri ili ashinde tenda, akishinda amejifunga kitanzi.

---

Mama Cherehani

Habari zenu. Sisi ni kikundi cha wanawake mafundi cherehani, tupo Muheza. Sare za shule tumeshona sana. Je, jeshini kuna kazi ya kushona sisi tunaweza kupata? Naona vijana wa kidato cha sita wakienda JKT kila mwaka wanahangaika na nguo.

---

Mzee wa Sahare

Mama, shikamoo yako naipokea hata kama hujaitoa. Nimelitumikia jeshi mpaka nikastaafu, naomba unisikilize kwa makini.

Usishone, usiuze, wala usikubali kurekebisha nguo yoyote inayofanana na kombati, hata akija mtu na kitambaa chake akasema yeye ni afande. Raia kuvaa, kumiliki au kuuza mavazi ya jeshi ni kosa kisheria. Agosti 2023 JWTZ walitoa siku saba watu wote wenye mavazi hayo wayasalimishe, na halikuwa jambo la mzaha. Sare za jeshi zina njia zake, kikundi kisizikaribie.

Sasa hilo la pili ulilouliza, hapo mama umeona mbali. Mafunzo ya JKT kwa vijana wa mujibu wa sheria yalirejeshwa 2013 baada ya kusimama tangu 1994. Kila mwaka, wanapomaliza mtihani wa kidato cha sita, makao makuu ya JKT hutoa tangazo lenye orodha ya vitu vya kwenda navyo: bukta ya bluu iliyokolea yenye mpira kiunoni, isiyo na zipu, urefu wa kufika magotini, fulana ya kijani, raba za michezo, shuka mbili za bluu bahari, soksi ndefu nyeusi, traksuti ya kijani au ya bluu. Hizo ni nguo za kawaida za raia. Hapo huhitaji tenda wala NeST. Unamuuzia mzazi moja kwa moja.

Lakini usishone kwa kukisia. Subiri tangazo la mwaka husika, lisome neno kwa neno. Bukta ikiwa na zipu mtoto atanyang'anywa getini na mzazi atakusema Muheza nzima.

---

Mama Cherehani

Shikamoo baba, nisamehe. Asante sana. Shuka na bukta tunaweza kuanza nazo hata mwezi huu, kitambaa kipo.

---

Mzee wa Sahare

Marahaba mwanangu. Na siku ya kufunga mafunzo wazazi wanakuja kutoka kila kona. Wanataka chakula, maji, kivuli, mpiga picha. Wenyeji wa Kabuku na Maramba wanalijua hili, ila bado hawajajipanga.

---

Hesabu Kwanza

Naomba nizungumzie fedha, maana ndipo wadogo wanapokufa.

Mimi ni mhasibu, nawasaidia wafanyabiashara kadhaa hapa Tanga na vitabu vyao. Taasisi ya umma ikikulipa kwa bidhaa ulizopeleka inakata kodi ya zuio asilimia 2. Kwa huduma ni asilimia 5. Ankara ya bidhaa ya shilingi 4,000,000 utapokea 3,920,000. Ile 80,000 haijapotea, ni kodi yako ya mapato imelipwa mapema. Dai cheti cha zuio, kihifadhi, mwisho wa mwaka TRA wanakutolea kwenye kodi unayodaiwa. Nimekuta watu wana vyeti kwenye droo hawavitumii, au hawajawahi kuviomba kabisa. Mtu mwenye faida ya asilimia 6 akiisamehe 2, amegawa theluthi ya jasho lake.

La pili ni muda. Peleka mzigo, pata hati ya mapokezi iliyosainiwa, toa risiti ya EFD (mashine ya risiti ya TRA), wasilisha ankara. Halafu unasubiri. Mteja wangu mmoja aliwahi kusubiri miezi na taasisi moja ya umma, na muda wote huo mkulima wa Lushoto anampigia simu kila jioni. Hakuwa na kosa, karatasi zake zilikuwa safi. Mwaka wa fedha unafungwa Juni 30. Mzigo uliopelekwa Juni ya mwisho na karatasi zikachelewa unaweza kuingia foleni ya madeni ya mwaka unaofuata. Kuanzia katikati ya Mei mimi nawaambia wateja wangu wapeleke kidogo na wafuatilie ankara kuliko mzigo.

Kabla hujaomba tenda jiulize: nikipeleka mizigo mitatu mfululizo bila kulipwa, nitakula nini na nitamlipa nani? Kama huna jibu, anza na kwoti ndogo za mzigo mmoja. Zipo benki zinazokopesha kwa LPO, ni msaada mzuri, ila riba inatembea hata siku ambazo malipo yamelala.

---

Kisiki cha Mpingo

Hapo ndipo ninaposema ni ya wakubwa. Mtaji wa kusubiri miezi nitautoa wapi?

---

Hesabu Kwanza

Swali la haki kabisa. Ndiyo maana kikundi. Halmashauri zinatoa mikopo isiyo na riba kutoka asilimia 10 ya mapato yao ya ndani: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Ilisimamishwa 2023, ikarudi 2024. Wengi wakipata wananunua bodaboda au wanagawana. Kikundi kikiiweka fedha ile kama mtaji wa kuzungushia tenda tu, bila kuigusa, kitasubiri malipo bila kuuza viti vya sebuleni. Na mkisajiliwa halmashauri kama kikundi, mmeshaanza nusu ya safari ya kuingia kwenye ile asilimia 30.

---

Dada wa Chumbageni

Naomba niwaonye wenzangu. Jirani yangu anafuga kuku wa mayai. Alipigiwa simu na mtu anayejiita afande kutoka kambini, sauti nzito, anajua hadi jina la mtaa. Akamwambia kambi inataka trei 300, bei nzuri kuliko ya soko, kesho gari linakuja. Kisha akasema kuna fomu ya usajili wa mzabuni, atume 150,000 kwa simu "kwa mhasibu". Akatuma. Baadaye akaambiwa kuna dawa ya kuku lazima ainunue kwa muuzaji fulani ili mayai yapite ukaguzi. Hapo ndipo mtoto wake akashtuka. Ile ya kwanza haijarudi mpaka leo.

---

Mzee wa Sahare

Pole kwa jirani. Huu utapeli umeenea na unatumia jina la jeshi kwa sababu watu wanaogopa kuuliza maswali. Kambi hainunui trei 300 kwa simu ya mtu mmoja. Malipo yoyote ya serikali yanakwenda kwa namba ya malipo, ile kontroo namba, wala si kwa namba ya simu ya mtu. Akikutajia duka la lazima, kata simu uende polisi. Na unaweza kwenda getini kuuliza, hakuna atakayekupiga. Sema jina lako na shida yako, utaelekezwa kwa afisa ugavi.

---

Mswahili wa Likoni

Majirani wa Tanga, salamu kutoka Mombasa. Huku Kenya tuna AGPO, mpango wa kutengea makundi maalumu tenda za serikali, tangu 2013, asilimia 30 vilevile kwa vijana, wanawake na wenye ulemavu. Niwape uzoefu wetu: shida kubwa tuliyoiona ni tajiri kumtumia kijana kama jina la mbele. Cheti cha kijana, mtaji wa tajiri, faida ya tajiri. Kijana anabaki na hela ya sigara na jina lake ndilo linalochafuka mzigo ukiwa mbovu. Chungeni hilo mapema.

---

Mchuuzi wa Ngamiani

Ndugu wa Likoni, asante, na huku hilo limeshaanza kunukia. Vijana wanafuatwa: "nipe kikundi chako niombee, nitakukatia kidogo". Kataeni. Kama mtaji ni mdogo, ombeni kipande kidogo mnachokiweza, cha mchicha na bamia, mkijenge wenyewe. Kikundi kilichopeleka mboga mwaka mzima bila kukosa siku kina historia ya mkataba wa kuonyesha mwaka unaofuata.

---

Mkata Kuni

Mimi nilikuwa napeleka kuni kwenye shule na taasisi Handeni. Tumeambiwa taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziache kuni na mkaa. Tenda yangu ndiyo imekwenda. Uzi huu unanisaidiaje?

---

Mchuuzi wa Ngamiani

Mkuu, pole, hilo limewapiga wengi. Katazo lilianza Januari 2024, na mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia umewekwa mpaka 2034, kwa hiyo usisubiri kuni zirudi. Lakini tazama ulichonacho: una gari, unazijua barabara za ndani, unawajua wapishi wa kila taasisi na unajua jiko la watu 500 linakula moto kiasi gani. Majiko yanayobadilishwa yanahitaji kujengewa, kusafishwa, kukarabatiwa. Mkaa mbadala wa vumbi na makapi unahitaji mtu wa kuusambaza. Nenda SIDO Tanga, shirika la viwanda vidogo, ukaulize mashine za kutengeneza mkaa huo na mafunzo yake. Usiuze lile gari kwanza.

---

Mkata Kuni

Nilikuwa nimeshalitangaza. Ngoja nilitoe sokoni nikaongee nao.

---

Mdigo wa Mkinga

Kwa Maramba shida ni barabara. Kutoka Mabokweni kwenda juu, masika ikipiga, nyanya zinafika zimekuwa supu. Mzabuni wa mjini anakosa siku mbili, kambi inanuna, mkataba unaharibika.

---

Mchuuzi wa Ngamiani

Basi hiyo ni sababu ya mzabuni kuwa mtu wa Maramba, si wa Ngamiani kama mimi. Mwenye bustani kilomita tatu kutoka getini anapeleka kwa baiskeli mvua ikinyesha. Mkiwa wakulima 15, pangeni nani anapanda nini na lini, isije kila mtu akapanda mchicha wiki moja. Tenda za mwaka wa fedha unaofuata zinapangwa kabla Julai haijaingia, kwenye mpango wa manunuzi wa mwaka. Ukisubiri tangazo ndipo upande mbegu, umechelewa.

---

Mdigo wa Mkinga

Tupo 11, wote vijana chini ya miaka 35. Kikundi hakijasajiliwa. Tuanzie wapi kesho asubuhi?

---

Mchuuzi wa Ngamiani

Afisa maendeleo ya jamii wa kata yenu. Nendeni na muhtasari wa kikao, katiba hata ya kurasa tatu, majina na namba za NIDA. Mkishasajiliwa, TIN ya kikundi, akaunti ya benki, leseni. Kwenye leseni muandike usambazaji wa vyakula, narudia, usambazaji. Halafu NeST. Mkikwama kwenye mfumo niandikieni hapahapa, msimlipe mtu wa stesheneri awashikie nywila yenu.

---

Mama Cherehani

Na sisi tunakwenda Jumatatu. Mdigo, mkishapata fomu ya katiba naomba uibandike hapa tuione ilivyokaa.